Taa Mbili kwa Sebule ya Mama

Mwanza,
Jumapili jioni.

Kaka Laurenti,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha mama kimepoa. Mimi sijambo, ila mikono imejaa chokaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe mama alilala usiku mmoja tu katika nyumba mpya ya kijijini, asubuhi akarudi kule juu kwenye nyumba yetu ya msonge, na viongozi wamesema msonge utabomolewa kabla ya mvua. Unasema ni mkaidi. Lakini umeandika pia maneno yake, "Nitaongeaje na watu nisiowaona nyuso?" na hayo ndiyo yamenikosesha usingizi.

Unakumbuka tulivyokaa, kaka? Moto katikati, sisi tumeuzunguka. Baba akisimulia, mwanga ulitoka chini ukampanda usoni, na mama alicheka kabla hajafika mwisho, kwa kuwa aliuona mdomo wake ukianza kujikunja. Sasa jiko liko nje, na sebuleni umetundika kibatari juu ya mlango, kama ofisini. Kinaangaza nyasi za paa. Nyuso zinabaki gizani.

Wiki hii mimi na fundi wangu, Saidi, tulifunga taa za ukutani kwa tajiri mmoja wa hapa. Tulizipanga juu, zikanyooka vizuri. Mkewe akaja, akaketi kwenye kiti chake, akatuambia tuzishushe. "Mimi humu siishi nikiwa nimesimama," akasema. Tukaziba matundu, tukaanza upya.

Kwa hiyo jana nilinunua taa mbili za mafuta za kutundika ukutani. Zilikuwepo zenye chemni, vile vioo vya kukinga moto, za rangi ya waridi, zinapendeza, lakini zinafifisha mwanga. Nimechukua zenye bati jeupe la duara mgongoni la kurudisha mwanga mbele, lenye nakshi ya maua ukingoni. Saidi alinicheka nilivyozigeuzageuza, eti kama mtu anayechagua mchumba. Zinakuja na lori la chumvi hadi Rulenge. Kazichukue mwenyewe, chemni ni nyepesi kuvunjika.

Wewe ndiye mkubwa, na nyumba umeijenga wewe. Ila nakuomba usipigilie msumari kabla ya kumwita mama. Mwache atandike mkeka wake anapotaka, hata ikiwa ni pa kupitia watu. Shemeji akae mbele yake. Kisha shika taa ukutani, uishushe polepole, mpaka mama mwenyewe aseme hapo. Majirani zenu hapo Bugarama watasema umefunga taa za watoto. Waache waseme.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi wa Bisibo akija kuwatembelea. Mama, salamu zangu usimpe mlangoni. Mpe akishaketi na taa zimewaka, auone uso wako unapolitaja jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Anatoli