Sikuwala Wadogo Zangu Porini

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi. Nakaa Kindu, nilizaliwa Kibombo, na mwaka wa 1998 vita vilipotufukuza tulikimbilia pori la upande wa Tunda, malaria ikatupata sote, wadogo zangu Claudine na Okito wakafa katika juma moja, na mimi niliyelala nao mkeka mmoja nikapona bila dawa, tangu hapo watu wakanitazama vibaya nikanyamaza, nikaolewa na Wilfried, tukamzaa Jérémie, ana miaka sita, macho ya manjano, akinyeshewa mvua mifupa inamuuma hata hawezi kusimama, hospitali wamepima damu wakasema ni SS, ndipo mama mkwe, Élisabeth, akasema mbele ya wote: "Ulikulaka wadogo yako mu pori, sasa njo unakula na mutoto." Jumamosi familia itakaa, wanataka nijaze maji mdomoni, nimpulizie mtoto kifuani na kutamka kwamba nimemwachilia, Wilfried anasema nikubali, ni maji tu, na mimi sitaki, lakini nikikataa watasema namshikilia. Nifanye nini?

Mama Jérémie

Mama Jérémie, pole. Nakugombeza pia: umebebaje uongo huu miaka yote bila kuuliza?

Sikiliza. Kila mtu hurithi alama mbili za damu, moja kwa baba, moja kwa mama. Ya kawaida huitwa A. Ile inayokunja chembe za damu kama mundu huitwa S. Mwenye A na S huwa mzima, na malaria haimuui kirahisi. Wewe mzima uliyezaa mtoto wa SS ni AS. Nadhani damu hiyo ndiyo iliyokutoa porini, na wadogo zako hawakuipata. Hukula mtu. Ulirithi.

Lakini SS, ugonjwa wa mtoto, ni S mbili. Moja ni yako. Ya pili ni ya Wilfried, naye aliipata kwa baba yake au kwa huyohuyo mama mkwe. Wakapime, kisha waseme.

Wala si maji tu. Ukiungama Jumamosi, mtoto akiugua tena utaungama nini?

Jérémie asipigwe na baridi, asikae na kiu, alale ndani ya chandarua. Akipata homa, hospitali siku ileile, si chumba cha maombi.

Jumamosi nenda, usijifiche. Wakikupa kikombe, usipulize. Mpe Jérémie anywe yote mbele yao, kwa maana maji ni dawa yake, kisha umwombe bibi yake ajaze kingine.