Tisa Kati ya Hamsini

Kaka yangu uliye mbali,

Huku hatujambo kiasi. Bomba la jikoni bado linavuja. Yule fundi wako wa maneno mengi alikuja, akanywa chai, akaondoka.

Mama anapumua kwa shida, lakini kutuamrisha hajaacha. Daktari wake alimwambia kuna vidonge vya saratani ya mapafu, ila vinawafaa wenye badiliko fulani la jeni tu. Kipande cha pafu lake kikaletwa maabara kwetu, nikakibandika namba kwa mkono wangu.

Kwetu mmoja husoma majibu, mwenzake huandika. Jumatatu zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Kati ya wagonjwa hamsini, tisa walikuwa na badiliko hilo. Nilipofika kwenye namba ya Mama nikasoma, "Hakuna," kwa sauti ileile, nikaendelea na inayofuata.

Haturuhusiwi kusema mpaka daktari atie sahihi, naye yuko likizo. Kila nikiingia nyumbani Mama hunitazama usoni, nami hujifanya natafuta funguo nilizozishika.

Jana kaniuliza, "Mwanangu, vile vidonge nitameza kabla ya kula au baada?"

Nikamwambia baada ya kula.

Ni mimi, mdogo wako.