Beseni Lililotoa Buluu

Chumba cha Uani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla hujafika katikati ya barua hii, maana ukifika huenda ukanirudishia. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ila macho ni yale yale, anaona mwanga na vivuli tu.

Mimi nina rangi mpaka kwenye viwiko. Siku hizi naitwa Madoa, hata mwalimu mkuu aliniita hivyo mbele ya wanafunzi wake. Niliitika, ningefanyaje?

Rangi za dukani nimeachana nazo. Maganda ya vitunguu nikiyachemsha yananipa manjano, na masizi ya sufuria yanatoa weusi wa kutisha. Tena napaka uji mzito wenye rangi juu ya karatasi, halafu napitisha kitana kabla haujakauka. Mistari yake ungeiona, Dada! Mke wangu sasa anaficha vitana vyake.

Lakini kilichoniteka hasa ni kutengeneza karatasi yenyewe. Mwalimu mkuu hunipa daftari kuukuu za watoto, zilizoandikwa kwa penseli. Nazilowesha siku mbili, nazitwanga kwenye kinu, kisha nachota lile rojo kwa fremu ya wavu wa dirisha na kulianika. Nyeupe napata, kijivu napata. Buluu ndiyo ilikuwa imenishinda.

Sasa kaa chini.

Mwezi jana beseni langu lilitoa buluu. Buluu laini, iliyotulia! Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima. Jumapili asubuhi nikawa nimeanika karatasi ishirini na mbili kwenye kamba. Mama akaniita nimsomee barua zako, kama kila Jumapili. Nikafungua sanduku lake, hazimo.

"Si nilizihamishia kwenye gunia lako ile Jumatano ya mvua?" akasema. "Hapa panavuja. Lile gunia umelining'iniza juu, mchwa hawalifikii."

Dada, gunia hilo ndilo la daftari za kulowesha. Alhamisi nilikuwa nimelimimina lote bila kuangalia. Barua zako za miaka kumi na mmoja nimezitwanga kwa mikono yangu, na ile buluu ni wino wa kalamu yako.

Nikaamua kudanganya. Nikachukua daftari, nikajifanya nasoma ile barua ya harusi yako, yote kutoka kichwani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeruka pale viatu vilipombana," akasema.

Kumbe anazijua zote kwa moyo! Nikapiga magoti nikamweleza, huku nalia. Hakunigombeza. Aliniambia nimpeleke kwenye kamba, akazipapasa zile karatasi moja moja, akazinusa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona. Hapo ndipo nilipopumua.

Yeye amenisamehe, lakini barua zilikuwa jasho lako wewe. Nisamehe na wewe. Kosa ni langu, nami nina aibu nalo mpaka leo.

Hii unayoishika ni mojawapo ya zile karatasi. Moja amebaki nayo Mama, iko chini ya mto wake. Ishirini zilizobaki nimekufungia humu, tupu.

Mke wangu anakusalimu sana, na Shangazi pia, anakumbusha kitambaa ulichomwahidi. Nisalimie shemeji na wapwa wangu wote.

Mama naye ana ujumbe. Za zamani anazijua, usijisumbue kuzirudia, anataka mpya. Na ameniambia nikuandikie hivi hivi alivyosema: kila ulipokuwa unaumwa uliandika "sijambo kabisa" na barua ikawa fupi, naye alijua, akanyamaza asikuongezee mzigo. Safari hii usimfiche. Karatasi ni nene, anasema, haitachanika ukiandika ukweli.

Mungu akulinde, akupe afya na mkono mwepesi wa kuandika.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Madoa.