Kioo Ulichobeba

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mguu wa Mama unapona, na paa la jikoni limezibwa.

Tulikusikia redioni ukisema kioo cha darubini umekisaga mwenyewe, miezi saba. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilijifanya naosha vyombo, na sugu zangu mikononi.

Ungenisaidia hata siku moja, ungejua vioo ni viwili, husuguliwa kimoja juu ya kingine kwa mchanga na maji. Cha juu huchimbika kama sahani. Hicho ndicho cha nyota. Cha chini hututumka tu, hakina kazi tena.

Ulichokitoa kabatini bila kuniaga ni cha chini. Cha nyota ninacho.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Dada yako