Mama Mkwe Kaing'oa Rai Yangu

Jumamosi, Oktoba 2006

Na ilikuwa imeota, haki ya Mungu! Mimi hata nikipanda jiwe linachipua. Rai yangu, ile nafaka ya Kizungu inayofanana na ngano, ya kufunika udongo wakati wa baridi, ilikuwa nene mpaka sungura aliingia akapotea njia.

Leo natoka kazini namkuta mama mkwe, aliyefika juzi huku ughaibuni kutoka Njombe, kashika jembe. Bustani nyeupe!

"Baba, majani yote haya! Nimekuondolea aibu."

Hajui kwamba bustani ni ya kanisa, na wana sharti lao. Theluji ikikuta udongo uko wazi, mwakani kipande changu anapewa mwingine.

Lakini mama mkwe hakemewi. Nikasema, "Asante sana, mama."

"Ile kona imenishinda," akasema, akanikabidhi jembe.

Nikaing'oa rai yangu iliyobaki. Tena mji mzima huu wa Brooklyn Center hakuna anayepalilia kama mimi.