Kikasha cha Shangazi Yako Tumekifungua

Nyumba ya kona, chumba cha cherehani,
Mkabala na duka la vitasa.
Jumapili asubuhi, tarehe 9 mwezi wa saba.

Mpendwa mjukuu wangu, Kiguu na Njia,

Salamu zikae kando kwanza, nina neno nawe. Wewe umezaliwa katika nyumba ya mafundi nguo. Umetambaa chini ya meza ya kukatia, umemeza kifungo cha koti la watu ukatutoa jasho, na futi ya kupimia ulikuwa ukiivaa shingoni kama tai. Halafu mtu kama wewe unakwenda dukani kununua kipande cha kutia ndani ya kompyuta, na hupimi! Umeleta kirefu. Kirefu, mume wangu! Kikasha chenyewe, hiyo kompyuta ya shangazi yako, kinaenea kwenye mkoba wangu wa mkononi, wewe unakiletea kipande cha yale makompyuta yenye kimo cha ndoo. Nani alikufundisha kumshonea mtu suruali hujamwona kiuno?

Haya, nimetua. Sasa tusalimiane.

U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha au bado unalala dirisha wazi? Mke mwenzangu hajambo? Mwambie nimesikia anakulisha vizuri, na kwamba wivu ninao lakini nauficha. Sisi huku wazima. Babu yako goti linamsumbua kukiwa na baridi, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Mimi macho ndiyo yananigomea, uzi nautia kwenye sindano kwa kubahatisha. Hilo libaki baina yetu. Shangazi yako ni mzima wa mwili. Ya moyo wake nitayafikia, usiruke mistari.

Kifurushi chako kilifika salama na kilifungwa vizuri. Ile diski mpya imeenea kama imeshonewa. Kwa hiyo asante. Naona nishukuru mapema kabla hujanuna.

Sasa nikueleze, maana najua utataka kujua yote, na mimi mwenyewe nimejua mengi wiki hii kuliko nilivyojua darasani, kule nilikoishia la nne. Unakumbuka ulipokinunua kile kikasha kutoka kwa ile ofisi iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Kilipofika hapa tulikishangaa, kidogo namna ile, tukadhani umetutumia redio. Shangazi yako akakikalia, akajifunza. Anachora nembo ndani yake, anaitia kwenye flashi, flashi anaichomeka kwenye mashine ya tarizi, na mashine inashona yenyewe huku yeye amekunja mikono kama bibi harusi. Nikasema hewala, nyumba yetu imeota meno mapya.

Lakini tangu mwaka uanze kikaingiwa na uvivu. Akikiamuru kufungua mchoro, kinaleta kile kiduara chake kinachozunguka. Nilikuwa nakaa na shati langu mapajani nakitazama. Kinazunguka, kinazunguka, kama mgeni anayetafuta choo katika nyumba ya watu na anaona haya kuuliza. Shangazi yako anagonga meza kwa kidole. Babu yako anasema kipewe uji.

Kazi ikaja katikati ya uvivu huo. Chuo cha wauguzi kinataka nembo kwenye sare zote: taa yenye mwali, majani yameizunguka, maandishi chini. Mwalimu wao akasema tumshonee moja aione siku ya Ijumaa. Akiipenda, sare zote zetu. Asipoipenda, anavuka barabara kwenda karakana ya ng'ambo. Shangazi yako akaufungua ule mchoro, kikasha kikaganda. Akakizima, akakiwasha, kikaganda tena. Nikamwona anashika kichwa.

Na siku hiyohiyo, kana kwamba alinusa, mwanamama mwenye karakana ya ng'ambo akaingia. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akapangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi, akamwambia shangazi yako, "Dada, unajitesa bure. Njoo kwangu. Mashine mpya, kiti cha kuzunguka, na mshahara unaujua tarehe yake." Mbele yangu! Nimesimama pale na mkasi, kana kwamba mimi ni sanamu ya kuvalishia magauni. Nikamuuliza kama amekuja kupima nguo au kupima watu. Akacheka. Shangazi yako hakucheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atafikiria.

Hilo "nitafikiria" limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Nikasema kikasha kifunguliwe, vile vipande ulivyotuma vikitiwa huenda kitaamka. Nikamwita yule fundi wa redio na simu wa nyuma ya kinyozi, tunamwita Bisibisi kwa sababu anaichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli. Akataka aende nacho kwake. Nikamwambia hakitoki. Kitafunguliwa hapa, juu ya meza yangu ya kukatia, taa imewashwa, na mimi nimekaa.

"Bibi, utaniangalia mikono kama mkwe?"

"Mkwe ningemwonea haya," nikamjibu. "Wewe nitakukodolea."

Mjukuu wangu, nilitaka kuona. Hilo ndilo lililokuwa ndani yangu. Cherehani yangu naifungua, naipangusa, naitia mafuta, najua kila kinachopanda na kinachoshuka. Kile kikasha kimekula mkate nasi muda wote huu na sijawahi kuona tumbo lake.

Kwanza akaondoa kitambaa changu cha kufuma nilichokifunikia, kile cha maua ya bluu. Akakishika kwa ncha za vidole, akaniuliza nani amekiziba pua. Pua! Kumbe kina matundu ya kupumulia. Wewe ulipokituma uliniambia kina pua? Redio nimeifunika maisha yangu yote na haijawahi kulalamika. Kitambaa nimekihamishia kwenye birika.

Akalegeza skrubu moja ya nyuma, kifuniko kikateleza kama kiberiti. Humo ndani, Mungu wangu. Kuna feni ndogo, na feni yote imevaa sweta. Mavumbi ya nguo zetu, yamejisokota humo tabaka juu ya tabaka. Bisibisi akataka kuyapuliza, nikamkamata mkono. Nikayatazama. Hapa juu rangi ya damu ya mzee, sweta za shule ya msingi. Chini yake kijani, wale walinzi. Chini zaidi njano, zile gauni za kwaya zilizotukosesha usingizi. Kazi zetu zote zimo, zimepangana. Shangazi yako naye akainama, tukawa vichwa vitatu juu ya kikasha kimoja, akasema kwa sauti ndogo, "Ona, hata ile kazi ya nyuzi za dhahabu." Muda mrefu sikuwa nimemwona akishangaa kitu. Kisha tukaipeleka nje, ikapulizwa.

Nikauliza kila kilichomo. Bisibisi ana maneno mengi kuliko kazi, lakini siku hiyo nilimruhusu. Akatoa diski ya zamani, akaitingisha, akasema hii inazunguka kama sahani ndiyo maana inakoroma, na yako haizunguki. Nikauliza, basi hicho kingine kirefu ni cha nini, kama diski ipo? Akaanza kunieleza mambo ya umeme. Nikamwambia sema Kiswahili. Akakuna kichwa, akaangalia chumbani humu, akasema: diski ni kabati la vitambaa. Memori, hicho kirefu, ni meza ya kukatia. Meza ikiwa ndogo, mtu anatandika kipande, anakikunja, anakirudisha kabatini, anatoa kingine, siku nzima anakunja tu. Basi nikaelewa. Nikamwambia shangazi yako, mtoto wa watu amekuwa akikatia suruali juu ya kigoda.

Ndipo tukatoa memori yako. Ile ya ndani ni fupi kama kidole, pembeni yake kuna nafasi tupu inayongoja mwenzake. Yako imetokeza nje kama miguu ya mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Babu yako kwenye kiti chake akauliza, "Haiwezi kupunguzwa upindo?" Na mimi, nisikufiche, mkono wangu ulikuwa umeshashika mkasi kwa mazoea. Bisibisi akaruka. Akasema ukiikata hiyo, bibi, utakuwa umekata mshahara wa mjukuu wako.

Akaeleza kwamba vikasha vidogo vya namna hii hula vipande vifupi, vilevile vinavyokaa kwenye laptopu. Kwake ana sanduku la laptopu zilizokufa. Akaenda, akarudi na kifupi kilichotoka kwenye moja iliyovunjika kioo. Kirefu chako akakichukua, kwa sababu anayo kompyuta kubwa ya mteja inayokililia. Tumebadilishana, biashara imekwisha, usije ukakiulizia.

Hakikuingia vizuri mara ya kwanza. Alikitia, akawasha, kikasha kikalia mlio wa kujuta na kioo kikabaki cheusi. Shangazi yako akasimama akaenda dirishani. Bisibisi akakitoa, akakifuta, akakiinamisha kidogo, akanigeukia. "Njoo ukibonyeze wewe, mkono wako mwepesi." Nikakibonyeza kwa vidole viwili, taratibu, kama bobini ya cherehani inavyorudishwa nyumbani kwake. Kikalia ta! Nikajua kimekaa.

Akawasha. Kimya. Hakuna kukoroma, hakuna kunguruma. Nikadhani tumekiua, nikaanza kumwandaa babu yako kwa habari mbaya. Kumbe kimya ndicho kilichonunuliwa! Kioo kikawaka kabla sijamaliza sentensi. Michoro yote ya shangazi yako ikahamishwa kutoka diski ya zamani, hakuna uliopotea, na ile taa ya wauguzi ikafunguka paa, kiduara hakikupata hata nafasi ya kuzunguka. Nimemfanya aifunge na kuifungua tena, na tena, mpaka akaniambia, "Mama, si mlango wa friji huo."

Ijumaa mwalimu wa wauguzi alikuja. Ni mtu anayejua nguo yule: aliangalia mbele, kisha akaigeuza akaangalia mgongo wa nembo, nyuzi zilivyofungwa. Akapitisha kidole juu ya mwali. Akasema sare zote ziletwe hapa. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajizuia hadi alipofika kona.

Sasa ndiyo nakuja kwenye lililonifanya nikamate kalamu.

Mwalimu alipoondoka, shangazi yako alichukua kitambaa kikavu akapangusa kioo, akapangusa kibodi, akapanga flashi zake kwenye kopo. Akasema, "Kiko sawa sasa, mama. Mtu yeyote akija ataweza kukitumia."

Nikamuuliza, mtu gani?

"Mtu yeyote tu," akasema, akachukua mkoba akaenda kununua sindano. Na sindano tunazo.

Tangu hapo natazama mgongo wake anapofanya kazi. Anashona vizuri, anacheka na babu yako, chai ananiwekea. Lakini sijui kama alikitengeneza kikasha ili abaki nacho au ili atuachie kikiwa kizima. Siwezi kumwuliza. Mimi ni mama yake, na hasira zangu anazijua tangu tumboni. Nikimwuliza atanijibu ninachotaka kusikia, kisha atakaa hapa amenuna mpaka nife. Babu yako ndiyo kabisa, atafanya utani. Baba yako akimpigia simu huishia kumpa amri, kama ndugu yake ni gari lake. Wewe peke yako ndiye anayekusikiliza ukiongea, na kwako yeye humaliza sentensi zake.

Nimsifie usoni siwezi, mdomo huu haukuzoea. Lakini wewe ujue: nyumba hii bila yeye ni mashine tupu. Ile karakana ya ng'ambo ina viti vya kuzunguka. Mimi nina nini? Nina kazi ya wauguzi na kigoda. Kama anataka kwenda, nitaumia, nitafoka, na nitamshonea begi la kwendea. Ila nataka kujua. Sipendi kitu kukaa chumbani mwangu kimefungwa nisijue ndani kuna nini.

Msalimie mke mwenzangu, na wifi yake, na yule jirani yenu anayekukopesha pasi. Baba yako akipita huko na lori, mwambie soksi zake zipo huku. Babu yako anakusalimu na anasema goti lake nalo litiwe memori. Mungu akulinde barabarani, akuzibie macho ya watu wabaya, akupe usingizi mtamu na mkono usiotetemeka.

Ni mimi bibi yako, mke wako wa kwanza, nikufokeaye kwa sababu nakupenda.

Ukimaliza mstari huu usinijibu mimi. Mpigie shangazi yako akiwa peke yake, mchana, nitakapokuwa kwa wauguzi nikipima. Muulize anataka nini. Usimshawishi, usimwambie nililia, kwa maana sikulia. Nyamaza mpaka amalize. Halafu uniandikie neno kwa neno, bila kunipunguzia upande wowote.