Moyo Inaniuma

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa pili
Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, peke yangu tena. Zaina, binti yangu, amekaa mulangoni, mukono kifuani. "Mama, moyo inaniuma." Tangu waaskari wabebe bwana yake kuwachukulia mizigo njia ya Kailo, wimbo njo huo. Hapa Mikelenge nani moyo haimuume? Nimemuambia: mukono itoke kifuani, ikamate muchi. Mutoto wake Salima alikuwa anasikia.

Jumatano, tarehe 5
Shambani. Zaina anatembea nyuma kama bibi arusi. Pale kilimani amekaa chini, anahema. Eti pumzi inakatika. Huzuni njo inakata pumzi, ninaijua, nimezika watoto wawili. Mimi sikukaa chini. Nimesema hivyo mbele ya wanawake. Wamecheka. Zaina pia, kidogo.

Ijumaa, tarehe 7
Miguu yake imevimba. Nikibonyeza kidole, shimo inabaki. Huzuni haivimbishi miguu. Nimeogopa. Sikumuonyesha.

Jumamosi, tarehe 8
Dispanseri. Muganga amebaki moja tu, wengine wamekimbia vita. Ameuliza ugonjwa. Nimesema bwana alibebwa, moyo inamuuma. Akasema: "Mama, ya bwana nimesikia. Moyo yenyewe, ile ya nyama, inauma?" Zaina akajibu: "Njo ile nasemaka kila siku."
Amemusikiliza kifua muda murefu. Moyo imepanuka, maji imejaa mwilini. Ameuliza tangu lini. Zaina: miezi mitatu. Muganga ameweka kalamu chini. Dawa ya moyo haiko. Njia zimefungwa.
Neno moja tu tunalo, la huzuni na la ugonjwa: moyo inauma. Angesema nini kingine?

Alhamisi, tarehe 13
Jana tumemuzika Zaina. Wanawake kilioni wanasema huzuni imemuua. Nimewafukuza na mikeka yao. Ugonjwa njo imemuua. Ugonjwa, na masikio yangu. Wanasema nimekuwa na wazimu. Waseme.

Jumapili, tarehe 16
Sikula.

Jumatatu, tarehe 24
Asubuhi mujukuu wangu Salima amesema: "Koko, tumbo inaniuma." Jirani akasema mutoto anatamani mama yake, mupe ndizi atanyamaza. Ndizi ale yeye. Nimemufunga Salima mugongoni, miaka mitano na uzito wake wote, mpaka dispanseri. Magoti yamelia njia yote.
Minyoo. Minyoo tu! Nimecheka peke yangu, watu wananiangalia.
Amemeza kidonge, sasa amelala. Kila akigeuka namuuliza: wapi inauma?
"Koko, niache nilale."
Nimemuacha.